Saa ya Mkononi na Haki ya Ndugu

Mas'ala yaliyoletwa mbele ya darasa letu hapa Lubao ni haya: je, yafaa Muislamu mwenye dhiki ya nafsi kutafuta msaada kwa mashine?

Mashine hizo zipo. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Aga Khan na Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, vilianzisha mradi wa UZIMA-DS. Katika kazi zake, wafanyakazi wa afya wa Nairobi walivaa saa zipimazo usingizi na mwendo, ili akili unde ijifunze kutambua mapema dalili za maradhi ya nafsi.

Wako wasemao kuwa huo ni uzushi, na kwamba dhiki ya moyo ni jini au upungufu wa imani. Hao hawakusoma tarehe ya umma wao. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alitunga kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akapambanua huzuni yenye sababu ijulikanayo na ile isiyojulikana sababu yake. Basi tiba ya nafsi si ngeni kwetu, na chombo kiisaidiacho hakina ubaya, maadamu siri za mgonjwa zatunzwa kama amana.

Lakini chombo kina mpaka wake. Saa itajua kwamba mtu hakulala. Haitajua kama alikesha kwa tahajudi, kwa deni, au kwa kufiwa na mwana. Hayo hujulikana kwa kumwuliza, naye hasemi ila kwa amwaminiye.

Hapa ndipo penye aibu yetu. Hadi Mahakama Kuu ya Nairobi ilipotamka, tarehe 9 Januari 2025, kuwa kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu chapingana na Katiba, aliyejaribu kujiua katika Kenya aliweza kufungwa. Kujiua ni haramu, wala hapana khitilafu. Lakini aliyesukumwa na maradhi ahitaji tabibu kuliko pingu. Mahakama imekwisha sema; ndimi zetu zingali zahukumu. Kijana aiambiaye simu yale asiyoweza kumwambia imamu wala mzazi amezikimbia hukumu hizo.

Ijumaa, siku ya gulio la Lubao, twaswali bega kwa bega, kisha twaulizana bei za sokoni, hata za mbwa wauzwao hapo. Aliyekosekana safuni Ijumaa mbili, nani humwendea? Kumzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu, wala haki hiyo haina wakili wa chuma. Saa ikimwonya mtu, na imwonye. Kubisha mlangoni pake ni juu yetu.

Wabillahi tawfiki.