Kocha Aseme Lugha ya Nani?

Hivi ni haki mtu kunyimwa kazi kwa sababu ya lugha aliyokulia? Mashabiki wa Canadiens, timu ya mpira wa magongo wa barafuni ya Montreal, Kanada, waligombana sana juu ya hilo. Desemba 17, 2011 kocha Jacques Martin alifukuzwa, Randy Cunneyworth akashika timu kwa muda. Kifaransa hajui hata cha kuombea maji, na Quebec lugha rasmi ndiyo hiyo! Januari 2012 watu wakaandamana nje ya uwanja, baridi na yote.

Wengine wakasema: jamani, magongo hayana lugha, tupeni ushindi. Hoja tamu, ila mimi hainiingii. Kocha hasemi na wachezaji peke yao. Timu ikifungwa, yeye ndiye anayesimama kujieleza. Mzee aliyelipa kiingilio tangu ujana wake ajibiwe kwa mkalimani, tena mjini kwao?

Kinachoniuma ni kingine. Cunneyworth hakujipa cheo. Waliomteua walijua lugha yake, kisha mwenye timu, Geoff Molson, akatangaza kuwa kocha wa kudumu atatazamwa sana Kifaransa chake. Yaani jamaa kawekwa mbele apigwe mawe. Aliongoza michezo 50, akashinda 18. Juni 2012 kazi akapewa Michel Therrien, mzaliwa wa Montreal, Kifaransa cha nyumbani.

Sasa hebu niwabane wenye mabango: angeshinda 40, mngemtaka aondoke?