USIMSINGIZIE SHETANI WOTA PAMPU!



Karatasi hii umeipokea mkononi. Labda uko uwanjani umesimama juani, labda uko stendi unasubiri gari lijae. Usiitupe kwanza. Kama wewe ni dereva, au una gari la zamani, au una safari ndefu mbele yako wiki hii, nina neno na wewe. Na kama huna hata baiskeli, soma tu, utajikuta humu ndani.

Mimi ni mkazi wa Mafiga, hapa Morogoro. Nina Land Rover 109, ile Series III ya petroli, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1971 na kuachwa mwaka 1985. Hiyo 109 ni inchi, kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma. Aliyeniachia ni marehemu baba, ambaye alishushia kabichi na viazi kutoka Mgeta, huko juu milima ya Uluguru, miaka ambayo njia ile ilikuwa tope mpaka magotini. Haina kompyuta. Ikigoma, unasugua platini kwa msasa, unapuliza kabureta, na betri ikifa kipo chuma cha kuwashia kwa mkono. Unaendelea na safari. Hapo ndipo sisi wenye magari ya zamani tunapopotea! Tunazoea kwamba halishindwi. Tukishazoea, tunaanza kulidanganya, na siku moja gari linakataa kudanganywa.

Sikiliza sasa.

Ilikuwa Ijumaa, miaka michache baada ya ule moto wa Msamvu. Fundi alifungua boneti, akashika feni kwa mkono, akaitikisa. Ikacheza kama jino la mtoto. Akanionyesha chini ya pampu ya maji: tone, tone, maji ya rangi ya kutu. Akaniambia, "Mzee, beringi ya wota pampu imekwisha. Hapa mjini utazunguka nayo. Iringa usiende."

Si unajua jina la mtaa wetu? Mafiga ni yale mawe matatu ya jikoni. Figa likianza kucheza, hata mtoto hukimbia kushika chungu. Mimi feni ilicheza mbele ya macho yangu, nikafunga boneti nikamshukuru fundi.

Kwa nini? Nitakwambia ukweli, maana nimechoka kuuficha. Majirani zangu saba walikuwa wamenichangia nauli niwapeleke kwenye msiba Iringa. Mmoja wao alikuwa mama mtu mzima, mjane, aliyekwenda kumzika dada yake wa tumbo moja. Mazishi yalipangwa Jumapili saa nne asubuhi. Nauli yao nilikuwa nimeshailipia deni dukani. Kusema "gari bovu" maana yake ni kurudisha pesa ambayo sina. NIKANYAMAZA.

Jumamosi saa tisa alasiri tukapanda. Kabla ya kuondoka tukaomba, na aliyeongoza maombi ni mimi! Nikaifunika safari kwa damu ya Yesu. Nikafunga kila roho ya ajali kutoka Mafiga mpaka Iringa. Nikataja tairi, nikataja breki, nikataja wanyama wa Mikumi. Wota pampu sikuitaja.

Mpendwa, umewahi kuomba hivyo? Ukamtajia Mungu kila kitu isipokuwa kile kimoja?

Tukalipita bwawa la Mindu. Maji ya bwawa lile husafishwa kwenye mitambo iliyopo Mafiga, hatua chache kutoka watu tunapolala, na mimi ndani ya gari nilibeba dumu moja la lita tano. Tukaipita Mzumbe. Tulipofika Melela mshale wa geji ya joto ukaanza kupanda. Mama yule alikuwa amekaa mbele karibu nami. Nikaona macho yake yanaelekea kwenye dashibodi. Nikatoa kitambaa cha jasho mfukoni, nikakitundika juu ya geji, kama mtu anayekianika.

Nikafunika geji, ndugu yangu. Maji hayakupoa kwa sababu ya kitambaa. Aliyezuiliwa kuona ni yule mama tu.

Tulipita Doma, tukaingia hifadhi ya Mikumi. Barabara kuu inapita ndani ya hifadhi ile kama kilomita 50, na viko vibao vinavyokutajia faini ya kila mnyama utakayemgonga. Si mahali pa kushuka ukajinyoosha. Tembo wapo, nyati wapo, simba wapo. Hapo hapo, saa kumi na moja na nusu jioni, tukasikia mlio kama sufuria linalokwaruzwa, halafu mvuke mweupe ukajaa mbele ya kioo. Gari likasimama.

Sasa angalia kilichotokea. Watu wa Mungu mle ndani wakaanza kukemea! "Shetani, achia gari hili! Pepo la ajali, toka! Roho ya kuzuia mazishi, shindwa!" Waliomba kwa machozi, na waliomba kwa moyo safi, maana hawakujua. Na mimi nikasema "AMINA" kwa sauti kubwa kuliko wote. Nikamkabidhi shetani kazi ambayo nilishaifanya mwenyewe tangu Ijumaa.

Simtetei shetani. Mwongo ni mwongo. Ila beringi ile hakuila yeye. Ililiwa na miaka na kutu, na aliyeingia nayo barabarani ni mimi. Gari lile halikuharibikia Mikumi. LILIHARIBIKIA MAFIGA. Mikumi tulijulishwa tu.

Kabla sijaendelea, wewe mwenye gari la zamani shika haya, maana yanaua watu. Kijana mmoja wetu alichomoka kwenda kufungua kifuniko cha rejeta. Nilimdaka mkono. Maji ya rejeta yamebanwa, yanapita joto la kuchemka bila kuchemka, na ukifungua tu yanakurukia usoni yote kwa pamoja. Acha injini ipoe nusu saa, hata saa nzima. Ukiweka maji, weka kidogo kidogo, kwa sababu maji baridi kwenye chuma cha moto hupasua silinda hedi. Giza lilipoingia kijana yule yule akatoa kiberiti amulike chini ya boneti, na harufu ya petroli ilikuwepo. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Sisi wa Morogoro tunaweza kweli kusahau tarehe 10 Agosti 2019? Lori la mafuta lilianguka Msamvu, watu wakakimbilia na madumu, moto ukalipuka, na waliokufa wakapita 100. Tulizika. Usiwashe kiberiti kwenye gari la petroli lililokufa, hata uwe na haraka gani. Na matawi: kata matawi uyatandaze barabarani mbali nyuma ya gari ili mwenye kuja na kasi ajue. Sisi kule hifadhini hatukuthubutu kwenda porini kukata, tulitandaza kanga mbili za akina mama tukazikandamiza kwa mawe. Mawe hayo ukiondoka yaondoe! Wengi wameuawa na mawe ya gari ambalo lilishapona na kuondoka zamani.

Basi, tukakaa ndani ya gari, vioo vimefungwa. Mama yule hakukemea tena. Alikuwa anauliza saa. Kila baada ya muda, kwa upole: "Baba, saa ngapi sasa?" Najibu, ananyamaza. Nilitamani anitukane.

Hapo nikamkumbuka Paulo, ile safari ya meli katika Matendo ya Mitume, sura ya 27. Nenda kaisome yote. Paulo alikuwa mfungwa, hana cheo melini, lakini aliwaonya mapema kwamba safari ile ni hasara. Akida wa jeshi akawasikiliza nahodha na mwenye meli. Zamani nilidhani tatizo la sura ile ni dhoruba. Usiku ule nikamwona mwenye meli. Ngano ilikuwa melini. Mtu mwenye ngano yake humwoni akisema "tusiende". Wakapigwa na bahari siku 14, watu 276, na Mungu kwa rehema akawatoa wote hai. Meli na ngano vikapotea. Nikajiuliza: mimi nilijiona Paulo kwa sababu ndiye niliyeongoza maombi. Kumbe mimi ndiye mwenye meli!

Karibu saa mbili usiku likasimama lori la kwenda Tunduma. Dereva kijana, akanipa shikamoo, akaangaza tochi ndani ya boneti, akagusa feni. Akauliza, mbele ya wote: "Mzee, fundi wako hakukwambia?"

Jibu la uongo lilikuwa tayari mdomoni. Nikasema, "Aliniambia. Ijumaa. Nilikuwa nimeshaila nauli yao."

Kimya, ndugu yangu! Hata wadudu wa porini niliona kama wamenyamaza. Kijana yule hakunihubiria. Alitoa kamba ya chuma akatuvuta mpaka Mikumi mjini, naye akalala pale, kwa sababu hakutaka kuupanda mlima Kitonga usiku na mzigo. Asubuhi niliwaamsha mafundi wa pale. Ilikuwa Jumapili, na pampu ya gari la umri ule huipati dukani. Waliing'oa kwenye Land Rover nyingine iliyooza nyuma ya gereji. Basi la kwanza kutoka Dar lenye nafasi lilipita saa tano. Nikampandisha mama yule. Saa tano, na mazishi yalikuwa saa nne.

Mimi na wengine tulifika Iringa jioni. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka na wafiwa. Nikapiga magoti mbele ya ndugu zake wote, nikarudia kila kitu: fundi, deni, kitambaa, hata ile amina. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema neno moja tu:

"Baba, ungeniambia Ijumaa ningepanda basi."

Hakuongeza. Alinipokea mkono, na mpaka leo tunasalimiana vizuri. Nauli za wote saba nilizirudisha kidogo kidogo, miezi mitatu. Lakini Jumapili ile saa nne siwezi kumrudishia, wala yeye haniulizi.

Sasa wewe. Hebu nikuulize swali: NANI amekaa kiti chako cha mbele? Mkeo? Watoto? Abiria waliolipa? Mshirika mwenzako uliyeshika pesa yake? Na kitambaa chako umekitundika juu ya nini? Usikimbilie kujibu "shetani ananipiga vita". Fundi alikwambia nini Ijumaa?

Nenda kamwambie leo, kabla hamjapanda. Itakugharimu, sikufichi, utaonekana huna pesa, utaonekana huna akili. Ukishamaliza kumwambia, ndipo upige magoti. Kama maneno yanakosekana, anza na haya:

Bwana Yesu, leo sikuombi ulinde safari. Nakutajia kwanza kitu nilichokificha. Kinaitwa ………………… Nilikijua tangu siku ile, na nikasema amina juu yake. Nisamehe. Nipe ujasiri wa kumtazama usoni yule niliyemficha, na mikono ya kulipa. Amina.

Pale kwenye nukta, jaza mwenyewe. Kalamu omba kwa mhudumu aliyekupa karatasi hii.