Dawa ya Mwenye Kushindwa na Chakula

Amma baad. Mtu wa pwani akaaye Arusha, chini ya Mlima Meru, huenda akashindwa na nafsi yake: usiku wa baridi hula mtori kwa siri hata akaumwa, wala haoni ladha, na kesho yake hujinyima kwa majuto. Huko si kufunga, ni kujiadhibu, na njaa ile ndiyo imrudishayo chunguni. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, katika Ihya aagiza kupunguza kidogo kidogo, mikate miwili iwe mmoja kwa muda wa mwezi, kwani mwili hauchukui mageuko ya ghafula. Basi na ale kwa nyakati, pamoja na jamaa zake, wala asione haya kumwendea tabibu. Akianguka usiku mmoja, asikate tamaa; asubuhi anywe uji wake kama desturi.