Ahadi Iliyotiwa Saini

Huku kwetu Buzuruga, jioni watu warudipo kazini, haikosi kuzuka mabishano juu ya mchezaji atakaye kuihama klabu yake ilhali mkataba haujamalizika. Wako wamwitao msaliti. Wako wasemao kuwa kila mtu huifuata riziki yake. Sisi tunaona swali hili si la mpira peke yake. Ni swali la thamani ya neno la mtu.

Tumtazame Feisal Salum wa Zanzibar, aliyekuwa kiungo hodari wa Yanga. Desemba 2022, mkataba wake ukiwa umebakiza zaidi ya mwaka, aliamua kuuvunja. Akaiwekea klabu shilingi milioni 112: milioni 100 za kuvunja mkataba, na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu. Klabu ikazirudisha. Januari 2023 kamati ya Shirikisho la Mpira wa Miguu ikaamua kuwa yeye bado ni mchezaji wa Yanga. Miezi ikapita hachezi, hata Rais Samia Suluhu Hassan akauasa uongozi wa klabu ulimalize jambo hilo. Juni 2023 wakapatana, naye akaenda Azam.

Hatukusudii kuifungua upya kesi iliyokwisha. Linalotushughulisha ni zile fedha zilizorudishwa. Je, ahadi ina bei? Kama malipo peke yake yangetosha kumweka mtu huru, basi tajiri angekuwa na ruhusa ya kuvunja ahadi zake zote, na maskini asingeweza kuvunja hata moja.

Wavuvi wa dagaa wa ziwa letu hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikitoka, nyavu hupumzika. Mvuvi akimwaga tajiri wake wakati wa mbalamwezi, tutasema amehama. Akimwacha katikati ya giza, mafuta yamekwisha nunuliwa na wenzake wanamngoja ufukweni, tutasema amewatupa. Kuondoka ni kule kule, lakini uzito wake si mmoja. Feisal aliondoka msimu ukiwa katikati, na hapo ndipo sisi tunapomlaumu.

Lakini tajiri afichaye hesabu ya samaki hana haki ya kulalamika akiachwa. Kanuni za FIFA zenyewe zinakiri hivyo: mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili aweza kuuvunja mkataba, akiisha kuidai klabu kwa maandishi na kuipa siku 15. Tena klabu iliyokwisha kataa fedha yapaswa kujiuliza inamzuia nani. Miguu ya mtu yaweza kufungwa kwa karatasi. Moyo wake hautafunga bao. Kwa hiyo hatuoni kuwa Yanga ilishindwa ilipokubali kupatana. Tunasikitika tu kwamba ilichukua nusu mwaka, na nusu mwaka ni sehemu kubwa katika maisha mafupi ya mchezaji.

Mara nyingi kosa huanzia siku ya saini. Kijana huitwa mezani, huonyeshwa fedha, naye huandika jina lake kabla ya kusoma. Tungependa kijana wa Ilemela au Nyamagana aitwapo hivyo afuatane na mzazi, au mwalimu wake, na aulize waziwazi mbele ya viongozi: siku nitakapotaka kuondoka, nitaondoka kwa njia gani, na lini?