Majani Yakijaa, Mtoto Asubiri?

Wapendwa mume na mke, mvua za Aprili zikishika huku Kericho na Bomet, majani chai hujaa, na shule nazo zimefungwa. Mtasema mwachuma kwa ajili ya karo. Ni kweli. Lakini je, jioni yenu ni haki ya mtoto au ni zawadi mkipata nafasi?

Nasema ni haki. Siku ya ndoa padre aliwauliza kama mko tayari kuwapokea watoto kwa upendo. Kupokea hakuishii kwenye ubatizo.

Mwaka jana mwanangu wa miaka mitano alinifuata hadi kituo cha kuuzia majani, tuongee njiani. Nikamwambia anyamaze, nahesabu kilo. Leo haniombi tena. Basi jioni mmoja asonge ugali, mwenzake aketi na watoto.