Mwenye Kuhukumu Ramani za Msikiti

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeamrisha uadilifu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Hutokea watu wa mji wakataka kujenga msikiti au chuo, wakaitisha shindano la ramani, kila fundi alete mchoro wake, na ulio bora ndio ujengwe. Jambo hili ni jema, kwani humfungulia mlango fundi asiyejulikana. Msikiti wa Shah Faisal ulioko Islamabad, ramani yake ilishinda katika mwaka 1969 miongoni mwa michoro 43 iliyotoka nchi 17, na mwenye kushinda alikuwa Vedat Dalokay, Mturuki, wala si mwana wa nchi ile.

Lakini fitina huingia pale mwenye kuhukumu anapokuwa na mwanawe, au mshirika wake wa kazi, au yeye mwenyewe, miongoni mwa walioleta michoro. Wako wadhanio kuwa kuficha majina kwatosha. Hakutoshi, mkono wa mwana babake huujua hata pasipo jina.

Miaka mitano kabla ya Mtume (S.A.W.) kupewa utume, Makureshi waliijenga upya Al-Kaaba, wakagawana kuta kabila kwa kabila. Walipofika mahali pa Jiwe Jeusi, kila kabila likataka heshima ya kulitia mahali pake. Bani Abdi Dar wakaleta bakuli la damu, wakatia mikono yao humo pamoja na Bani Adiy, wakaapiana kufa. Mambo yakasimama hivyo masiku manne au matano. Ndipo Abu Umayya bin Mughira, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, akatoa shauri. Na izingatiwe kwamba hakutaka kuamua yeye, ilhali umri wake ulimpa haki ya kunena. Naye alikuwa wa Bani Makhzum, walio katika wagombanao. Alitaka ahukumu mtu wa kwanza atakayeingia mlangoni, na hapana aliyejua atakuwa nani. Akaingia Muhammad (S.A.W.), wakamridhia wote kwa uaminifu wake. Naye ni wa Bani Hashim, nao pia wana fungu lao katika heshima ile. Wallahi, lau angaliwapa jamaa zake, damu ya bakulini ingalimwagika uwanjani. Alitandika nguo, akaliweka jiwe juu yake, kila kabila likashika upande, wakaliinua pamoja, kisha yeye akalitia mahali pake kwa mkono wake.

Kadhi na mwamuzi wa ramani si mamoja, ila mlango wa dhulma ni mmoja. Imamu Nawawi katika Minhaji amebainisha kwamba hukumu ya kadhi haipiti akijihukumia nafsi yake, wala akimhukumia mshirika wake katika mali ya shirika, wala wazazi wake na watoto wake. Mambo ya hao huhukumiwa na Imamu au kadhi mwengine. Na mwenye daawa akimletea kadhi zawadi, ni haramu kuipokea. Ibn Lutbiyya alipotumwa kukusanya zaka, akarudi na kusema kwamba baadhi ya mali amezawadiwa yeye, Mtume (S.A.W.) alipanda mimbari akauliza: mtu huyo angalikaa nyumbani kwa babake na mamake, je, angaliletewa zawadi hiyo? Basi mwenye kuletewa halua na fundi ambaye mwaka jana hakumpa hata salamu, swali hilo ni lake.

Ikidhihiri baada ya hukumu kuwa mshindi ni mwana wa mwamuzi, ramani zote zirejee kwa mwamuzi mwengine. Mzee yule aweza kuapa kuwa hakumpendelea mwanawe, na pengine asema kweli. Lakini hukumu haikubatilika kwa uwongo wake. Imebatilika kwa nasaba yake.