Mwenye Bomba na Mwenye Kiu

Newala imekaa juu ya uwanda wa Makonde, mahali penye hewa nzuri na uhaba wa maji. Ardhi ya uwanda ule huinywa mvua upesi wala haiachi mto juu yake. Chemchemi ziko chini, mabondeni. Kwa vizazi vingi wanawake waliteremka na mitungi mitupu, wakaupanda mlima na mitungi iliyojaa. Katika miaka ya 1950 ndipo ulipoanzishwa mradi wa kuyasukuma maji kwa mitambo hadi juu, nayo yakauzwa kwa kipimo. Bei iliweza kubishaniwa. Lakini bomba halikumwuliza mtekaji kama maji yanakwenda chunguni, kwenye birika la udhu, au kwenye udongo wa mfinyanzi. Ndoo ilikuwa ndoo.

Leo uwanda huohuo unapitiwa na bomba jingine lisiloonekana, nalo ni intaneti. Swali la haki linalolihusu ni lilelile: je, mwenye bomba ana ruhusa ya kuchagua kiu ipi ipozwe kwanza? Mwaka 2003 mwanasheria wa Marekani, Tim Wu, aliipa jina kanuni inayojibu kuwa hana. Kanuni hiyo, usawa wa mtandao, haimkatazi mwenye kampuni ya simu kutoza kwa wingi wa data, wala kupanga foleni njia inaposongamana. Inamkataza kuzuia, kuchelewesha au kupendelea ujumbe kwa sababu ya mtu aliyeutuma au yaliyomo ndani yake.

Wapenzi wa ushairi wanaijua tofauti hii. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutoka mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya malenga wengi, miongoni mwao Shaaban Robert. Mhariri alichagua, na hiyo ilikuwa kazi yake. Aliyekataliwa alijua amekataliwa na nani, akaweza kupeleka kwingine. Posta haikuwa na mamlaka hayo. Stempu ya malenga wa Newala ilikuwa sawa na stempu ya tajiri wa Dar es Salaam, na mpeleka barua hakupima vina wala mizani. Dhuluma huanza pale mpeleka barua anapojifanya mhariri, tena mhariri wa siri. Kwani msomaji ambaye ukurasa wake haufunguki hatajua kama shairi ni zito au njia imebanwa.

Hoja ya upande wa pili si nyepesi. Mwaka 2014 kampuni ya Tigo iliwafungulia wateja wake wa Tanzania Facebook ya Kiswahili bila malipo ya data, na mwaka huohuo ikaleta Internet.org, mpango wa Facebook wa kutoa bure huduma chache teule. Walioutetea waliuliza: maskini asiye na kitu akipewa kidogo, amedhulumiwa nini? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ni rahisi kwa mwenye kifurushi kikubwa kuisifu kanuni ambayo mwenzake hana uwezo wa kuionja.

Hata hivyo, sadaka hutazamwa pia kwa mlango inaoufunga. Kumpa mtu data kidogo bure, akaitumia atakavyo, ni ukarimu. Kumpa bure ukumbi mmoja, na kila kilicho nje ya ukumbi huo kikalipiwa, ni kumchagulia. Mkulima wa korosho wa Newala anahitaji kuijua bei ya mnada kutoka kwa chama chake cha ushirika. Ikiwa tovuti ya chama inamla fedha na uvumi wa ukumbini haumgharimu kitu, ataishi na uvumi. Na kijana atakayetaka kuanzisha jarida lake la mashairi atakuta wasomaji wamekwisha kuzoea kutotoka ukumbini. Hakuna aliyemfukuza, njia ya kumfikia tu ndiyo yenye ushuru.

Kwa sababu hiyo, Februari 2016 mdhibiti wa mawasiliano wa India alipiga marufuku bei zinazotofautiana kwa kufuata yaliyomo. Marekani iliiweka kanuni ya usawa mwaka 2015, ikapiga kura ya kuifuta 2017, ikaamua kuirejesha 2024, kisha Januari 2025 mahakama ikaibatilisha. Kigeugeu hicho chaonyesha kwamba haki iliyoachwa ifuate zamu za wakubwa hailali usingizi mzito.

Yapo atakayosema mwenye kampuni: minara ni yangu, mitambo ni yangu. Ni kweli, na faida anastahiki. Lakini minara hiyo husema kwa masafa, na masafa ni mali ya umma, hutolewa kwa leseni. Hewa iliyo juu ya Newala si ya aliyejenga mnara peke yake. Ni ya mfinyanzi, ya mkulima na ya malenga ambaye bado hajasikika. Huyu wa mwisho ndiye anayeihitaji kanuni kuliko wote, kwa kuwa mwenye jina atapishwa njiani hata pasipo sheria. Aliyepewa dhamana ya njia ya wote atoze nauli, lakini asimwulize mpita njia ni mtoto wa nani.